Pembe Niliyoipiga Baada ya Kengele

Mwanangu Jilo,

Mama yako amekwisha kukupangia sanduku, na habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za viatu vyako amekueleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Sitazirudia. Ninaandika nikiwa nimeketi barazani, jua bado liko juu ya mpunga, na wewe umekwenda kijiji cha Wema kuwaaga wajomba zako. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo kabla hujalala. Usiingoje safari.

Kwa siku tatu sijasema nawe ila salamu. Najua umeliona hilo, na najua umedhani kwamba nimechukia kuondoka kwako. Jana nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Baba hataki niwe karani." Umekosea kidogo. Ninataka uwe karani. Sitaki uwe karani kama mimi.

Jumamosi uliwakusanya watu hapa hapa barazani ukawasomea karatasi ya shamba la mkonge. Watu kumi na mmoja wa kijiji chetu, nawe ukiwa karani wao, kwa kuwa meneja alikuambia kwamba wewe wanakusikiliza. Ulisoma kwa sauti nzuri, nami nilijivuna. Ulisoma siku za kazi, ukasoma posho na nyumba, ukasoma kengele ya asubuhi na kengele ya kufunga. Kisha ukafika kwenye mstari wa chini. Mstari ule niliusoma mwenyewe asubuhi uliponipa karatasi niitazame. Unasema kwamba mfanyakazi atafanya kazi nyingine yoyote atakayoitiwa na mwajiri, wakati wowote atakapoitwa. Uliinua macho, ukatabasamu, ukasema, "Na hapa wanasema mtasaidiana kazi ikizidi."

Mzee Buya akacheka. "Kusaidiana? Hilo nalo wameliandikia karatasi? Wazungu hawa wana wino mwingi!"

Watu wote wakacheka. Wa kwanza kutia kidole kwenye wino alikuwa Maro, mwana wa Komora. Nikainuka, nikaingia ndani. Ukaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikakujibu kwamba ni kichwa.

Hakikuwa kichwa, Jilo.

Utakumbuka ile pembe ya nyati iliyokuwa ikining'inia juu ya mlango wetu. Babu yako aliniachia mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniomba niipige, nami nilikukatalia kila mara, kwa sababu pembe ile haikuwa ya kuchezewa. Ilikuwa na kazi moja. Mto ukitaka kuvunja ukingo na kuingia mashambani, mwenye pembe huipiga, na kila aisikiaye huacha alichokishika. Mwenye jembe huacha jembe, mwenye tonge huacha tonge. Hakuna aulizaye ameitwa na nani wala kuna nini. Atauliza akisha kufika. Wala hakuna alipwaye, maana kesho maji yatakuwa kwenye shamba lake, nawe uliyesaidiwa leo ndiwe utakayekwenda. Asiyekuja, watu hawamtukani. Hawamwendei tu, na hakuna aliyewahi kustahimili hilo misimu miwili.

Uliporudi likizo mwaka ule wa kwanza wa shule ya bweni, hukuiona. Nilikuambia imepasuka. Ulikuwa uongo. Haikupasuka.

Miaka sita iliyopita nilikuwa karani wa lile ghala la pamba lililokuwa ukingoni mwa mto, kati yetu na Wema. Ghala lenyewe limekwisha kubomolewa, na Bwana aliyelisimamia alikwisha kurudi kwao. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa habari hii ni yangu, si yake. Watu ishirini wa vijiji hivi walifanya kazi pale. Baadhi walipokea pamba na kuichambua. Baadhi walisimama ndani ya magunia makubwa yaliyotundikwa kwenye boriti, wakaikanyaga kwa miguu mpaka gunia likawa gumu kama gogo. Wengine waliyachukua magunia hayo juu ya ubao mpaka kwenye lori. Mapatano yao yaliandikwa kwa mkono wangu: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi, kisha kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli, nami ndiye niliyeigonga.

Wakati wa masika lori lilikuwa likichelewa. Linakwama njiani, linangoja kivuko pale Garsen, linafika watu wakisha kunawa miguu. Bwana akatoka nje akawaambia warudi wapakie. Komora ndiye aliyemjibu. Wewe umemzoea Komora wa leo, anayeketi akisuka mitego ya samaki. Komora wa siku zile alikuwa na mabega kama mlango, na mdomo uliowachekesha hata waliokuwa wamefiwa.

"Bwana," akasema, "hata kiboko hutoka majini kwa saa zake. Sisi tumekwisha kutoka."

Bwana akaniuliza amesema nini. Nikamfasiria. Hakucheka. Alisema kwamba pamba ikinyeshewa italaumiwa ofisi yake, na kwamba watu hawa ni wavivu. Neno hilo likanichoma, Jilo. Nikataka kuwatetea watu wangu, na katika kuwatetea nikawauza. Nikamwambia, "Si wavivu, Bwana. Juma lililopita ukingo ulitaka kuvunjika, wakafanya kazi tangu alasiri mpaka wakashindwa kuonana nyuso, na hakuna aliyeuliza malipo." Akaniuliza iliwezekanaje. Nikamweleza habari ya pembe. Nilimweleza kwa kirefu, kwa Kiingereza changu kizuri, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi ipige."

Sikuipiga siku ile. Niliipiga siku ya nne. Wingu lilikuwa limefunga, lori lilikuwa limefika, na nikajiambia kwamba pamba ile imetoka mashambani mwetu, kwa hiyo ni kama mpunga, na mvua ni kama mto. Mtu aliyesoma hakosi maneno ya kujiambia. Nikasimama nyuma ya ghala nikapuliza. Wakaja wote, hata wasiokuwa waajiriwa, hata wanawake, na majembe begani. Walipoona ni lori wakatazamana. Lakini pembe ni pembe. Wakapakia.

Bwana alifurahi sana. Tangu siku ile hakuwaomba tena. Aliniambia mimi tu, "Karani, lori limechelewa," nami nikajua maana yake.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli hakuwa Mpokomo kama sisi. Alikuwa Galgalo, yule mfugaji Muorma aliyekuwa akipitisha ng'ombe zake nyuma ya mashamba yetu na kutuuzia maziwa. Aliniona njiani, akasimama na fimbo yake mabegani, nami nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Karani, mimi nasikia pembe, mimi nasema mto nakuja. Mimi naondoa ng'ombe yote, napeleka juu, watoto nalia, ndama napotea. Kumbe lori nakuja!" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Sasa Mpokomo nalima nini? Nalima lori?"

Nami nilicheka. Nilipofika nyumbani nilikuwa sicheki.

Bado niliipiga tena. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na bado niliipiga.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Watu walikuwa wamekanyaga pamba kutwa nzima. Miguu yao ilikuwa ikitetemeka walipokuwa wakiondoka, niliiona. Kengele ikalia, wakaenda. Lori likaja. Nikapiga pembe, na Komora alikuwa wa kwanza kurudi. Aliponipita aliniambia kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, safari hii mto gani?" Alichukua gunia la tatu au la nne, akapanda ubao. Ubao ulikuwa umelowa na mguu wake ulikuwa umechoka. Alianguka upande wa kushoto, na gunia likamwangukia kiunoni. Gunia lililokanyagwa vizuri, Jilo, halina ulaini wa pamba tena.

Tulimbeba kwenye mlango tulioung'oa ghalani. Njia nzima hakulia. Aliuliza kama gunia limelowa.

Baada ya majuma matatu alikuja afisa wa kazi, ambaye watu walimwita Bwana Leba. Mtu fulani alikuwa amempelekea habari. Sikujua ni nani, na sasa ninadhani ni mke wa Komora, Mama Maro, aliyetembea mpaka Garsen kutafuta mtu wa kumwandikia. Hakuja kwangu kuandikiwa, ingawa nyumba yangu iko hatua mia moja kutoka kwake.

Bwana Leba aliketi kwenye kiti changu ghalani, akaisoma karatasi ya mapatano. Alikuwa mtu mpole, mwenye homa. Alinieleza jambo hili taratibu, na mimi ninakueleza wewe vilevile, kwa kuwa utalihitaji. Alisema kwamba mtu aliyeandikiwa saa zake amezikodisha saa hizo tu. Kengele ikisha kulia yeye ni mtu huru. Mwajiri akimtaka zaidi, hilo ni ombi jipya. Ataulizwa, naye ana haki ya kukataa bila kufukuzwa wala kukatwa. Akikubali, saa hizo ziandikwe na zilipwe, na akiumia katika saa hizo ameumia kazini, na mwajiri anawajibika kwake kama angaliumia saa tatu asubuhi. "Jua kutua hakubadili neno," alisema. "Linalobadili ni hili moja: nani aliwaita?"

Akanitazama. Bwana alikuwa amesimama nyuma yangu, nami niliisikia pumzi yake.

"Karani, nani aliwaita watu hawa baada ya kengele?"

Wewe ulikuwa ukikaa kwa wajomba zako mwaka huo, ukingojea nafasi ya shule ya bweni. Barua ya kukuombea nafasi ilikuwa mezani pa Bwana, imeandikwa tayari, haijatiwa sahihi. Sisemi hivi ili nikutwike mzigo. Hukuniomba, wala hukujua. Ninasema ili ujue kwamba mtu hauzi wenzake kwa ajili ya jambo baya. Ingekuwa hivyo, tungelitambua mapema na kukimbia. Mimi niliwauza kwa ajili ya jambo jema, ambalo ni wewe.

Nikajibu, "Hakuna aliyewaita, Bwana. Walikuja wenyewe. Ni desturi yao kusaidiana."

Aliandika. Nilimwona akiandika neno langu kwa kalamu yake, herufi kwa herufi. Kisha akafunga daftari akasema kwamba, kama ni hivyo, hana la kufanya. Komora hakuwa kazini. Komora alikuwa jirani aliyekuja kusaidia, akaanguka.

Barua yako ilitiwa sahihi siku ile ile.

Jioni Mama Maro alikuja hapa. Hakubisha hodi. Aliingia, akavuta kigoda, akapanda, akaiangua pembe kutoka juu ya mlango. Mama yako akamwambia, "Dada, ni nini?" Akamjibu, "Hii si yenu tena." Hakunitazama. Akatoka nayo chini ya kanga yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Mwezi uliofuata ukingo ulivunjika kweli, upande wa chini. Nilikuwa wa kwanza kuona maji yakipita. Nilikimbia nyumba kwa nyumba nikipiga kelele, na kelele ya mtu mmoja haifiki mbali. Mpunga wa nyumba saba ulikwenda. Watu walisema ni kudra. Mimi niliuangalia mlango wangu mtupu.

Niliandika barua kwa Bwana Leba. Niliiandika vizuri, kila koma mahali pake, nikaeleza yote. Sikuipeleka. Nilijiambia kwamba nitaipeleka utakapomaliza mwaka wa kwanza, kisha wa pili. Kisha nikasikia kwamba amehamishwa, na nikahisi furaha. Furaha ile ndiyo inayonitia haya kuliko uongo wenyewe.

Sasa tazama mstari ule wa chini. Hukuwadanganya watu kwa kutaka, nakujua. Ulitaka neno jepesi, ukaona nyuso zinakungojea, ukachukua lile lililo karibu na mioyo yao. Meneja hawezi kulisema neno hilo. Angelisema wangemcheka. Ndiyo maana alikutafuta wewe. Utakapokuwa kule, siku moja jua litakuwa limetua, mkonge utakuwa umekatwa na haujachukuliwa, naye atakuja kwako na hatakuja kwao. Atakuambia, "Karani, waambie." Hutakuwa na pembe, lakini utakuwa na sauti yako, nao watakuja kwa ajili ya sauti hiyo, na Maro atakuwa wa kwanza, kwa maana ndivyo alivyozaliwa. Akianguka, watakuuliza wewe nani aliwaita.

Leo asubuhi, uliposhuka mtoni, nilikwenda kwa Komora. Nilimkuta Mama Maro akipepeta mpunga mlangoni, na Komora ndani, usingizini. Kwa miaka sita nimepita mbele ya mlango ule nikisema "hamjambo," nikiitikiwa "hatujambo," basi.

Nikamwambia, "Mama Maro, nimekuja kusema."

"Sema. Ungo hauzibi masikio."

Nikamwambia nililomjibu Bwana Leba, neno kwa neno. Aliendelea kupepeta. Nilipokwisha akasema, "Hilo nilikuwa nikilijua. Ulidhani ni siri? Bwana wako alimwambia mpishi, mpishi akaja kuoa hapa." Akapuliza makapi. "Nilikuwa nikingoja kuona utalichukua kaburini au vipi."

"Kama ulijua, kwa nini umemwacha Maro aende na mwanangu?"

"Kwa sababu mwanao hajanifanyia kitu." Akauweka ungo chini. "Bado."

Nikamweleza habari ya mstari wa chini. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, "Wewe uliusoma?" Nikasema ndiyo. "Na Jumamosi ukanyamaza?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Ninyi mliosoma mna mdomo wa kufungwa kwa ufunguo."

Nikamwambia nitakuandikia. Akacheka, kicheko kifupi. "Andika, ndiyo kazi yako. Lakini mimi sisomi, Buya hasomi, Maro hasomi. Hao unawaandikia nini? Waambie kwa mdomo, penye watu, kama ulivyomwambia yule mgonjwa wa homa."

Aliingia ndani, akakaa kidogo, nami nikawasikia wakinong'ona; Komora alikuwa ameamka. Akatoka na pembe. Ameipaka mafuta miaka yote hii, Jilo. Inang'aa kuliko ilivyokuwa mikononi mwangu. Hakunipa papo hapo.

"Mwenyewe anasema uipige mara moja," akasema. "Kwa jambo lako, si la bwana yeyote. Kisha unairudisha hapa."

Kutoka ndani nilisikia sauti ya Komora: "Na mwambie asiipige kwa nguvu. Galgalo atahamisha ng'ombe!"

Nilicheka, mwanangu, na nilipokuwa nikicheka nikaona Mama Maro ananinyoshea pembe, amegeuka upande mwingine.

Basi nakuomba jambo moja, na ni la kesho, si la maisha yako yote. Kabla watu hawajapanda mitumbwi kwenda Garsen kulingoja lori la shamba, isome karatasi ile tena. Mstari wa chini usome kama ulivyo, na uufasiri kama ulivyo. Waambie kwamba baada ya kengele wao si wa mtu, na kwamba hata wakisha kufika kule, wakiitwa waulize: tunaitwa na nani, na je, itaandikwa? Kisha mwache kila mmoja achague. Pengine wote watakwenda. Pengine hakuna atakayekwenda, nawe utafika kwa meneja peke yako, ukiwa na sanduku na bila watu, naye atakuambia kwamba hana kazi ya karani asiye na watu. Nimelifikiri hilo kwa siku tatu. Ndilo lililonifunga mdomo. Shule ile niliyokupatia kwa uongo, huenda kesho nikakunyang'anya matunda yake kwa kusema kweli. Sina namna ya kulifanya lionekane jepesi. Ukinikasirikia, una haki, na nyumba hii bado ni yako.

Kama utaona huwezi kuusoma, nitausoma mimi. Lakini ningependa wausikie kwako, kwa sababu ni wewe watakayekuwa naye.

Jua limeshuka mpaka kwenye migomba, na mama yako ananiita nije nishike kamba ya sanduku. Mkono wangu umechoka, na nimeona nimeandika mahali pawili kwa mwandiko mbaya. Nisamehe, sitainakili upya.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, utasikia pembe. Usikimbilie ukingoni, mto haujavunja kitu. Ni baba yako anawaita watu penye mitumbwi, awaambie nani aliwaita siku ile. Njoo, na uje na karatasi.

Baba yako